Kubadilisha jina la faili hakubadilishi picha: nilivyopunguza HEIC hadi kilobaiti 200

Fomu ya mtandaoni ilitaka picha ya JPEG (fomati ya faili za .jpg) isiyozidi kilobaiti 200. Picha yangu ya uso ilikuwa HEIC ya megabaiti 2, fomati ambayo iPhone imekuwa ikiitumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017.

Ushauri unaozagaa kila mahali ni kufuta .heic na kuandika .jpg. Unaniudhi, kwa sababu unawapotezea watu muda. Jina ni jina tu. Data za ndani hazijaguswa. Mfumo unaokagua baiti za mwanzo za faili, zinazoonyesha fomati yake halisi, utaikataa, na usiokagua utaipokea, kisha anayeifungua huenda asione kitu. Wengine hushauri picha ya skrini. Fomati itabadilika kweli, ila utabaki na pikseli (nukta zinazounda picha) za skrini tu, tena mara nyingi kwa PNG, fomati nyingine ambayo kwa picha ya kamera huwa nzito kuliko JPEG.

Kabla ya kugusa chochote, tazama ulicho nacho. Fungua picha, telezesha kidole juu, maelezo yatatokea. Tenganisha mambo matatu: vipimo kwa pikseli, uzito kwa megabaiti, na fomati. Yangu ilikuwa 4032 × 3024, yaani megapikseli 12.

Niliihifadhi kwenye programu ya Files, nikaibonyeza kwa muda, nikachagua “Quick Actions”, halafu “Convert Image”, JPEG. Hapo hapo unaulizwa ukubwa. Nakala mpya hukaa kando ya picha ya awali, kwa hiyo jaribu bila hofu.

Sasa uzito, na hapa ndipo wengi hukwama. Wanashusha ubora wa JPEG hadi uso unajaa miraba, kwa kuwa JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 × 8. Anza na vipimo. Robo ya kila upande wa picha yangu ni 1008 × 756: pikseli zimebaki sehemu moja tu kati ya 16, na uso bado ni safi. Baada ya hapo, ubora ukishushwa kidogo tu unatosha kufika chini ya kilobaiti 200. Kama mandhari ya nyuma haina kazi, ikate kwanza. Kila pikseli ya ukuta inakula nafasi ya uso. Na kila jaribio lianzie kwenye picha ya awali, maana JPEG ikihifadhiwa upya baada ya kuhaririwa hupoteza kitu tena.

Kupitisha picha WhatsApp pia huipunguza, lakini kipimo inakichagua yenyewe. Ukitaka ifike ilivyo, itume kama hati.

Asiyetaka HEIC kabisa aende kwenye mipangilio ya kamera, “Formats”, achague “Most Compatible”. Picha za zamani hazitabadilika, na mpya zitachukua nafasi karibu mara mbili.