Fomu inauliza dada yangu alikufa lini

Jana fomu imerudishwa mara ya pili. Ofisi moja hapa Uingereza inataka ndugu zangu wote wa tumbo moja, tarehe ya kuzaliwa na, kwa waliotangulia, tarehe ya kufa. Kwa dada yangu Zuhura niliandika "masika, 1987". Wamekataa, na ada imeshaliwa. Ada ile, kwetu unaezeka nyumba ya vyumba viwili na chenji inabaki.

Zuhura alikuwa na miaka mitatu. Alimfuata mama kisimani, akateleza. Akazikwa siku ile ile. Kazi ya Mungu haina makosa, tukaambiwa, basi.

Mzee ninayemtunza ni mwalimu mstaafu wa historia. Aliponiona nimenuna akanisimulia habari za Jane Shaxspere. Mwaka 1569, mtoto wa miaka miwili na nusu, alikuwa akichuma maua ya manjano ukingoni mwa bwawa la kinu cha maji pale Upton Warren, humu humu Worcestershire ninakofanyia kazi. Akatumbukia. Afisa wa kuchunguza vifo akaletewa habari, wanakijiji wakaapishwa, yakaandikwa yote kwa Kilatini, hadi jina la yale maua. Maandishi hayo yapo mpaka leo kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, London.

Na yapo kwa maelfu, ya watu wa kawaida kabisa. Maji ndiyo yaliyoua wengi: wanawake wakiteka, wakifua, wanaume wakioga mtoni. Wengine walikanyagwa na mikokoteni. Wengine walichomwa na mshale wa jirani, maana Mfalme Henry VIII alilazimisha wanaume wafanye mazoezi ya upinde. Kitu kilichoua kilitiwa bei, na thamani yake ikawa ya Ufalme. Hilo limeniudhi. Mjane amefiwa, bado adaiwe thamani ya mkokoteni!

Lakini walikuwa wakiteka maji kwa ndoo, wakiteleza kwenye tope, kama sisi. Miaka yote hii nilidhani kufia kisimani ni aibu yetu peke yetu. Nimelia jikoni kwa yule mzee, naye akanitengenezea chai, yeye ambaye kikombe kinamtetemeka mkononi.

Wewe unayejiandaa kuja huku, achana na koti kwanza. Kaa na bibi yako, andika majina na tarehe, hata za watoto waliokufa wadogo. Fuatilia vyeti ungali nyumbani.

Usiku nikampigia mama. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: "Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, mwanangu. Alikuwa na kata ya kifuu. Tulipomtoa alikuwa bado ameishika."

Nimetafuta kwenye kalenda: 24 Aprili 1987. Nimeijaza. Kata haina kisanduku chake kwenye fomu, nimeiandika pembeni, kwa kalamu.