Kiki Iko Upande Gani?

Jamila amerudi kutoka shuleni na viganja vya bluu na hasira. Mwalimu aliwaagiza kila mmoja aende na kiazi, achonge herufi ya kwanza ya jina lake, achovye kwenye rangi, achape. J yake ikatoka imegeuka. "Mama, mimi nimeichonga vizuri kabisa!" Nikamwambia hilo ndilo tatizo lenyewe. Hakuona cha kuchekesha. Mimi nilicheka mpaka nikaketi, maana nilimkumbuka babu yake na ile Honda ya karatasi.

Picha yenyewe niliinunua Dar, kwenye maonyesho niliyoingia kukwepa mvua. Kijana mmoja alikuwa ametandaza chapa za pikipiki, za zamani na za sasa, zote amezichonga kwa mkono kwenye lino, kile kipande laini cha kuchongea chapa, akapaka wino kwa rola na kukandamiza karatasi juu yake. Kulikuwa na Honda ndogo ya mwaka 1958, ile ambayo ukoo wake ulivuka pikipiki milioni 100 mwaka 2017. Kulikuwa na Vespa, Triumph Bonneville ya 1959, na Boxer ya juzijuzi imepakia abiria wawili na mbuzi. Kulikuwa pia na yule Mmarekani, Rollie Free, aliyevunja rekodi ya mwendo mwaka 1948 kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Utah: kalala kifudifudi juu ya pikipiki ya Vincent, miguu imenyooka nyuma, mwilini hana kitu ila chupi ya kuogelea, kofia ya kuogelea na viatu. Nguo zake za ngozi zilikuwa zimechanwa na upepo, akazivua, akarudi kukimbia karibu kilomita 242 kwa saa. Hiyo niliitamani sana. Nikaifikiria sebuleni kwa wazazi wangu, wageni wa jumuiya wakiingia kusali, nikairudisha mezani.

Nikachukua Honda CG125. Nyekundu na nyeusi, chini imeandikwa kwa penseli 7/30, yaani ya saba kati ya thelathini, na sahihi ambayo hata leo siwezi kuisoma. Niliichagua hiyo kwa sababu ya baba yangu, Mzee, fundi wa pikipiki. Nyumba yetu ya Morogoro imejengwa na CG, kama si kwa kuziendesha basi kwa kuzifungua.

Nilimpa Mzee usiku, baada ya chakula. Alikuwa ameshaoga lakini akaifuta mikono kwenye shuka lake kabla ya kuipokea. Akavaa miwani. Akaitandaza mezani, mama akasogeza vikombe, akaweka sahani mbili pembeni ili karatasi isijikunje. Nikasubiri asante.

"Nani kachora?"

"Kijana mmoja wa Dar."

"Ana pikipiki?"

"Sijui, baba."

"Hana."

Akakaa kimya tena. Kidole chake kikaanza kutembea hewani juu ya karatasi, bila kuigusa, vile anavyofanya mteja akimletea injini inayogonga. Kikaanzia kwenye kichwa cha silinda, kikafuata bomba likishuka, kikanyooka nyuma.

"Ekzosi hii hapa. Kiki ya kuwashia hii hapa. Breki ya mguu hii hapa. Sawa?"

"Sawa."

"Kwenye CG vinakaa upande gani?"

"Kulia." Hilo nalijua tangu utoto, ekzosi ile iliniachia alama kwenye shavu la mguu.

"Haya. Simama kulia kwa pikipiki. Tairi la mbele liko mkono wako upi?"

Ikabidi ninyanyuke. Nikasimama kati ya kochi na televisheni, nikaipanga pikipiki isiyokuwepo mbele yangu, nikashika usukani hewani. Mama alikuwa ameshaanza kucheka kwa chinichini.

"Kulia."

"Na hapa?"

Nikatazama mezani. Tairi la mbele lilielekea kushoto. Nikageuza shingo, nikafikiri upya, nikarudi kwenye pikipiki yangu ya hewa. Hakuna namna. Kila kitu kilichopaswa kuwa kulia kilikuwa kimehamia kushoto, na kwa uzuri kabisa, kila boliti mahali pake.

"Hii, mama," akaniambia, kwa sauti ya kumpa mtu taarifa ya msiba, "Wajapani hawajaitengeneza."

Nikamweleza nilivyomwelewa yule kijana: ukichonga kwenye lino kisha ukachapa, kila kitu kinageuka, kwa hiyo mchongaji lazima achonge kinyume. Mzee akainamia tena karatasi. Akaweka kidole kwenye tangi, palipoandikwa HONDA, herufi zimenyooka, zinasomeka bila taabu.

"Kwa hiyo maandishi alikumbuka kuyageuza?"

"Ndiyo."

"Injini akaiacha."

Sikuwa na la kumtetea.

"Mama Rehema, hebu lete kioo."

Mama akaleta kile kioo cha kuvalia, kinachoegemezwa ukutani chumbani. Mzee akamshikisha upande mmoja, akanishikisha mimi wa pili, akaisimamisha picha mbele yake na kurudi nyuma hatua kadhaa. Na kweli, ndani ya kioo palisimama CG. Kiki kulia, ekzosi kulia, tairi la mbele linaelekea linakopaswa kuelekea. Uso wake ulilegea. Nadhani asante niliyoisubiri ilikuwa hiyo, ingawa ilielekezwa kwenye kioo.

"Sasa hapo unaweza kuwasha ukaenda Mikese."

"Lakini jina limegeuka," mama akasema, mikono inamtetemeka kwa uzito.

"Jina litajijua. Pikipiki haiendeshwi kwa jina."

Hapo ikafuata hotuba ya CG. Wanaomfahamu wamekwisha kuisikia, nitaifupisha. Kwamba zile Honda CB za kabla yake zilikuwa na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, juu ya kichwa cha silinda, inayozungushwa na cheni, na ukichelewesha oili inakufa. Kwamba Wajapani walikuja kugundua kwamba kwenye nchi za jua kali kama yetu watu hatubadilishi oili, wakaacha kutulaumu, mwaka 1976 wakatoa CG: kemshafti chini, vijiti vinasukuma valvu, na cheni ya tairi imefunikwa yote isile vumbi. Kwamba Wachina walipokuja na pikipiki zao, nyingi zilikuwa na injini hiyohiyo kwa jina jingine. "Mtu aliyewaza hivyo," Mzee humalizia, "unamchorea kitu chake kinyume?"

Mama alikuwa bado ameshika kioo.

Asubuhi Mzee akadai namba ya yule kijana wa Dar. Nilitoka nje nisisikie. Baadaye mama aliniambia mazungumzo yalichukua vocha nzima na kwamba kijana alimwita "mzee wangu" mara nyingi. Miezi ikapita, basi la Dar likaleta kifurushi: CG nyingine, amechonga upya, kila kitu upande wake. Ndiyo iliyoko sebuleni, kwenye fremu. Mgeni akiingia anaiona, anakaa, anakunywa chai. Sijawahi kumwona Mzee mwenyewe akiitazama.

Ile iliyogeuka hakutaka kuirudisha. Aliipeleka gereji, akaifunika kwa nailoni, akaipigilia juu ya meza ya spana. Kijana yeyote akija kuomba kujifunza kazi, Mzee anamsimamisha mbele yake: "Kuna kosa hapo. Litaje." Wapo waliosema rangi. Yupo aliyesema bei. Mdogo wangu anaona ni ukaidi tu wa mzee aliyekosewa adabu na mchoraji. Mimi kuna siku namuunga mkono, kuna siku naona Mzee amepata mtihani bora kuliko ile tuliyofanya shule.

Tatizo ni Hamisi, huyu ambaye sasa ndiye anayefungua gereji asubuhi Mzee akisumbuliwa na magoti yake. Hamisi aliitazama ile picha muda mrefu kuliko wote, akasema haoni kosa la mchoraji, ila mwenye pikipiki aongeze upepo tairi la mbele. Mzee akavaa miwani, akasogea. Tairi la mbele, pale linapogusa ardhi, lilikuwa limebonyea. Mara zote alizoitazama hakuwahi kuliona.

Akamwambia aje Jumatatu.