Siku moja ya kukata tezi (sehemu ya nyuma) ya dau letu

Saa 11 alfajiri. Nimeswali, nimekunywa chai ya rangi na muhogo, nikatoka uani. Hapa Jibondo, kusini mwa Mafia, karakana ni ua wa mtu. Dau liko juu ya magogo ubavuni mwa jiko, na mama akitaka kuni inambidi ainame. Tulilipandisha kwa bamvua, yaani maji makubwa, na lazima lishuke bamvua ijayo, maana maji mafu, yale madogo, hayafiki huku.

Saa 1 asubuhi. Baba mdogo kafika na tezo, kifaa cha kuchongea mbao, begani. Kazi ya leo ni kukata tezi tuweke bao la kufungia mashine ya kusukuma chombo. Dau limechongoka omo (mbele) na tezi, mashine haina pa kushika. Wapo wanaoitundika ubavuni. Ni rahisi, lakini chombo kinavuta upande mmoja na mshika usukani anashindana nacho safari nzima. Mimi siutaki mtindo huo hata kwa bure.

Msumeno ulipopita, harufu ya sifa, mafuta ya papa ya kupaka chombo, ikajaa ua mzima. Nikang'oa msumari mmoja: shingoni bado una uzi wa pamba aliouzungushia babu, mweusi, umelowa mafuta, na chini yake chuma hakijaliwa.

Saa 4. Bao ni mbao mbili za mninga zilizobanwa pamoja kwa bolti. Mashine yetu ni ya mguu mfupi, kwa hiyo kimo cha bao ni inchi 15. Likizidi, pangaboi la mashine linapiga hewa. Likipungua, wimbi linaingia. Baba mdogo anapima kwa shubiri, mimi nahakiki kwa futi. Kila pembe tumeitia taruma, kiungo cha kuikaza, la mti uliopinda wenyewe porini, kwa sababu mti mnyoofu ukichongwa upinde hupasuka kwenye nyuzi zake.

Adhuhuri. Swala, wali na pweza wa nazi. Mzee, ambaye haendi tena baharini, aliuliza jambo moja tu: mlingoti unabaki? Unabaki, baba. Petroli tunaifuata Kilindoni kwa madumu, na bei yake mnaijua. Mashine ni ya kuukabili upepo wa kusi. Ukigeuka kuwa wa nyuma, tanga linatosha.

Saa 8 mchana. Kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, kazi ninayoipenda kuliko zote. Unasokota pamba, unailowesha mafuta ya nazi, unaisukuma kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Sikio ndilo linalofanya kazi: mlio ukiwa kama wa debe tupu, ongeza, ukiwa mzito, hama. Usishindilie mno. Mbao zitavimba majini, na pamba iliyozidi itasukuma ubao utoke kwenye msumari.

Saa 10. Boksi la barafu. Ni friji bovu la kulala, tumeng'oa mashine yake tukabaki na ganda. Watoto walitaka likae nyuma, karibu na nahodha. Hapana. Mashine ya farasi 15 ina kama kilo 35 au zaidi, hapo bado mtu na dumu la mafuta. Nyuma kukizidi uzito, omo inanyanyuka na chombo hakishiki njia. Boksi limekwenda mbele ya mlingoti, na mifuko ya farumi, uzito wa kutuliza chombo, tumeisogeza vilevile. Jirani kapita, kasema tumelikata mkia. Akija kuomba lifti tutamkumbusha.

Magharibi imepita. Deheni, mafuta mazito ya kukinga mbao, tutaipaka chini siku ya kushusha. Usiku huu tumemwaga ndoo za maji ya bahari ndani ya dau, tukapita chini na tochi ya simu. Bao kavu, pembe kavu. Panapovuja ni ubavuni, kwenye mbao za zamani ambazo hatukuzigusa. Baba mdogo kapatia alama kwa mkaa, kaniagiza pamba zaidi kutoka Kilindoni, kisha kauliza kama pweza amebaki.