Dakika thelathini kwenye benchi

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kliniki kwa chanjo ya surua na rubela ya miezi 9, na kabla ya kumpakata nilimwomba muuguzi anionyeshe kichupa. Hakukasirika. Alitoa kipya kwenye kibebeo chenye barafu, akanionyesha juu ya kifuniko alama ya mraba ndani ya duara, ambayo hukolea rangi kadiri chanjo inavyopata joto. Mraba ukishafanana na duara au kulizidi weusi, kichupa hutupwa hata kama tarehe yake haijapita. Wetu ulikuwa mweupe. Akachanganya, akaandika saa ubavuni, kwa kuwa chanjo hii haitumiki zaidi ya saa 6 baada ya kuchanganywa.

Bomba lilikuwa la aina inayojifunga: likishasukumwa mara moja, halivutiki tena. Alilitumbukiza kwenye sanduku la usalama bila kurudishia sindano kifuniko, kosa ambalo niliwahi kuliona kwenye duka moja la dawa, na aliyelifanya akajidunga kidole.

Kilichonisikitisha ni sisi wazazi, ambao wengi wetu huondoka mara mtoto anaponyamaza, badala ya kusubiri dakika thelathini kwenye benchi ili mtoto aangaliwe. Mzio mkali baada ya chanjo ni nadra sana, lakini ukitokea huanza mapema: vipele, kuhema kwa shida, mtoto kulegea. Hapo dawa ya kwanza ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja kwa nje, wala si vidonge. Niliiona pale kwenye trei, karibu na mkono wa muuguzi. Binti yangu alisinzia kabla dakika hazijatimia.