Pigo la Kwanza: Mpiga Besi wa Kwaya Anapojifunza Fanki Roki

Nimepiga gitaa la besi kanisani kwa miaka tisa. Pambio likianzishwa bila kutajwa kii, yaani noti ya msingi ya wimbo, nililidaka kabla mstari wa pili haujaisha. Sebene likichanganya, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikwenda vyenyewe mpaka waimbaji wapumzike. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka huu, nilipoamua kujifunza fanki roki, mtindo unaochanganya mdundo wa fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, na magitaa makali ya roki, nilitarajia kwamba nitaongeza tu mbinu mpya juu ya zile ninazozijua. Miezi minane imepita, na sehemu kubwa ya kazi imekuwa ni kuacha: kuacha kujaza kila nafasi, na kuacha kumfuata mwimbaji kila anakokwenda.

Kilichonivuta ni rekodi ya mwaka 1989 ya Red Hot Chili Peppers, bendi ya Los Angeles, walipourudia wimbo wa Stevie Wonder uitwao Higher Ground. Katika rekodi ya awali ya mwaka 1973, Stevie Wonder alipiga vyombo mwenyewe, na sauti ya besi aliitoa kwenye kinanda cha umeme. Bendi ya Los Angeles inaufungua wimbo uleule kwa gitaa la besi peke yake, na mpigaji, Michael Balzary, ambaye dunia inamjua kwa jina la Flea, anazigonga nyuzi kwa gumba kwa nguvu ambayo inakufanya umtafute mpiga ngoma, kumbe ngoma bado hazijaingia. Nilizisikiliza sekunde zile za mwanzo mara nyingi sana, nikaamini kwamba mtindo wote umo ndani ya gumba.

Basi wiki sita nilizitoa kwa gumba. Kinachogonga uzi ni ubavu wa gumba, pale kwenye kiungo penye mfupa, na mahali pa kugonga ni pale shingo ya gitaa inapoishia, juu ya freti za mwisho, vile vipande vya chuma vinavyoikatiza shingo. Mkono hauchapi kutoka kwenye kiwiko. Kinachozunguka ni kifundo, kama mtu anayefungua kitasa cha duara, na gumba likishagonga ni lazima liruke papo hapo, kwa sababu likikawia juu ya uzi hata kidogo, sauti inakufa. Kisha kidole cha shahada kinaingia chini ya uzi mwembamba, kinauvuta na kuuachia ujipige kwenye freti. Wiki ya pili nilitoka lengelenge, nikalazimika kupumzika siku nne. Nilichochelewa kukitambua ni kwamba nyuzi zangu zilikaa juu mno. Kwenye kwaya jambo hilo halikuwahi kunisumbua, lakini uzi ulio mbali na freti hautoi ule mlio wa chuma unaotafutwa na gumba. Nikachukua kispana kidogo cha pembe sita, nikazishusha nyuzi moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, mpaka gumba likaanza kujibiwa. Umeme ulipokatika sikuacha. Besi ya gumba husikika vizuri hata bila amplifaya, na katika giza lile, pasipo spika ya kunifichia makosa, nilizisikia noti zangu zote zilizochelewa.

Asili ya mbinu hii ndiyo iliyonifanya nielewe mkono unatafuta nini. Larry Graham, aliyeianzisha huko California katika miaka ya 1960, alikuwa akipiga pamoja na mama yake, Dell Graham, mwimbaji na mpiga piano. Kijana alishika gitaa la kawaida huku miguu yake ikipiga besi kwenye ogani. Ogani ikaharibika, naye akakodi gitaa la besi kwa muda. Baadaye mpiga ngoma wao akaondoka, wakabaki mama na mwana. Graham akaanza kugonga nyuzi nene kwa gumba ili kuziba pengo la ngoma ya mguu, na kuchopoa nyuzi nyembamba ili kuziba pengo la snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Mbinu hiyo akaenda nayo katika bendi ya Sly and the Family Stone, na mwishoni mwa mwaka 1969 ikasikika waziwazi katika wimbo wao Thank You. Gumba lilikuwa ngoma ya mtu aliyekosa ngoma. Tangu nilipolijua hilo, sianzi tena kwa kutafuta noti. Naanza kwa kuitamka ngoma mdomoni, “du” kwa mguu na “ka” kwa snea, halafu mkono unaufuata mdomo.

Hata hivyo, nilikopotea njia sikukugundua nikiwa peke yangu. Jumamosi jioni tunakutana watatu huko Kinondoni, katika chumba kilichobandikwa magodoro ya zamani ukutani ili kelele zisiwafikie majirani: mpiga gitaa, mimi, na mpiga ngoma aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na tano, ambaye amepiga katika bendi za dansi tangu ujana wake. Siku ya tatu aliviweka vijiti vyake juu ya ngoma.

“Mdogo wangu, unapiga vingi,” aliniambia. “Nipe ya kwanza. Hizo nyingine ziache kwanza.”

“Ya kwanza tu, kaka?”

“Ya kwanza tu. Dakika kumi.”

Nikapiga noti moja ya E kila mapigo manne, na noti hiyo ilitakiwa kuangukia juu ya mguu wake hasa. Mwanzoni niliwahi, kisha nikachelewa kwa hofu ya kuwahi. Mkono ulikuwa ukiniwasha kwa hamu ya kujaza yale mapigo matatu yaliyobaki wazi. Ilipofika dakika ya saba hivi, noti na ngoma vikashikana, nikawa sisikii besi wala ngoma bali kitu kimoja kizito kinachotua chini, na mpiga gitaa, ambaye hadi hapo alikuwa amekaa kimya, akainuka na kuanza kukwangua nyuzi zake juu yetu bila kuambiwa.

Somo hilohilo, kama anavyosimulia mwenyewe, mpiga besi Bootsy Collins alilipata kwa James Brown, nyota wa fanki wa Marekani, mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 18: lishike pigo la kwanza, na mengine yote utakuwa huru kuyafanya. Kutoka hapo Collins alikwenda kwa George Clinton na kundi lake la Funkadelic, na ni Clinton huyohuyo aliyesimamia albamu ya pili ya Red Hot Chili Peppers mwaka 1985. Hivyo agizo la James Brown lilimfikia Flea kwa kupita mikononi mwa watu wanaotajika kwa majina. Hata kwetu huku lilifika mapema, kwa kuwa mwaka 1974 James Brown alipiga Kinshasa katika tamasha lilelile waliloshiriki Franco na Tabu Ley. Kwangu lilikuwa gumu kwa sababu masikio yangu yamelelewa pia na rege, ambako pigo la kwanza mara nyingi huachwa tupu.

Ukishalishika hilo, kazi inahamia mkono wa kushoto. Kila pigo hugawanywa vipande vinne, kwa hiyo mapigo manne yana nafasi 16, na zilizo nyingi hazihitaji noti. Baadhi huachwa kimya kabisa; nyingine hupewa noti bubu, yaani mkono wa kushoto unaulalia uzi bila kuukandamiza, gumba linagonga, na kinachotoka ni mdundo usio na sauti ya muziki. Mimi niliyezoea kuiacha noti iendelee mpaka kodi, yaani kundi la noti zinazopigwa pamoja, ibadilike, kuinua vidole mapema namna hiyo kumenigharimu jasho kuliko gumba lenyewe.

Halafu kuna roki. Mpiga gitaa wetu akifungua sauti yake ya mkwaruzo, noti bubu zangu zote humezwa, na gumba likishindana naye wimbo mzima unageuka vurugu. Nadhani ndiyo sababu ninaipenda zaidi albamu ya Red Hot Chili Peppers ya mwaka 1991, ambamo Flea alipunguza gumba kwa makusudi akarudi kwenye vidole. Nami sasa natumia gumba kwenye beti, ambapo gitaa limepoa, na kwenye kiitikio narudi kwa vidole viwili, noti nane zilizonyooka katika kila mapigo manne.

Jumamosi iliyopita tulipiga wimbo wetu mmoja mzima kwa mapigo 92 kwa dakika. Kwenye ubeti wa pili, ninapochopoa oktava, yaani noti ileile kwa sauti ya juu zaidi, shahada yangu bado inachelewa na kumvuta mpiga ngoma nyuma. Wiki hii nimeirudisha metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye 70, na ninapiga kipande hicho tu: gumba kwenye pigo la kwanza, kimya, noti bubu mbili, halafu shahada kwenye kipande cha mwisho cha pigo la pili.