Mkono wa kushoto ndo kwaya yenyewe

Siku ya kwanza kupanda jukwaani na hamonaiza nilijiona nimemaliza shida zote za dunia. Mi napiga kinanda na kuimba peke yangu, sina mtu wa kuniitikia, alafu kasanduku kadogo kananipa sauti tatu za ziada, nani kama mimi. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio cha kwanza watu wakaanza kugeuza shingo kutafuta hao waimbaji wengine wako wapi, kichwa kikaanza kuvimba. Kiitikio cha pili ndo mambo yakaharibika. Sauti zikawa zinarundikana, kodi ya C bado inaimba na ya F imeshaikalia juu, alafu G nayo hiyo inakuja, ikawa kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Nikabonyeza kila swichi niliyoiona. Kumbe sanduku halikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa mguuni kwangu: pedali ya sastini niliyokuwa naikanyaga ili piano ivutike ilikuwa inapeleka habari ileile kwa hamonaiza kupitia MIDI (ile lugha ambayo vinanda na mashine za muziki zinatumiana habari za noti na pedali), kwa hiyo kila noti niliyoiachia kwa kidole mguu ulikuwa bado umeishikilia.

(Kodi hapa ni zile noti tatu nne za kupigwa pamoja, sio zile nyingine, usije ukafunga ukurasa kwa hofu.)

Dawa yake ilikuwa ndogo mpaka inaudhi, niliingia kwenye mipangilio ya kinanda nikazuia pedali isitumwe nje, basi. Ila lile tukio lilinifanya niitazame hii mashine kwa jicho jingine, maana wengi tunaiona kama waimbaji wakati yenyewe haijui wimbo, haijui maneno, na haina sikio la kusema hapa pamekaa vibaya. Inasikiliza maiki, inatafuta uko kwenye noti gani, alafu inauliza: niimbe nini? Sasa jibu anatoa nani, hapo ndo pana kazi.

Kabla sijaenda huko, kuna vitu viwili watu wanavichanganya kila siku. Vokoda na hamonaiza ni majirani tu. Vokoda ni ya zamani, ilianzia Bell Labs kule Marekani miaka ya 1930, na mtu aliyeibuni, Homer Dudley, alikuwa anahangaika na mambo ya simu, namna ya kupitisha maneno kwenye waya bila kubeba sauti nzima, muziki haukuwemo. Inachukua umbo la maneno yako inalivisha sauti ya sinthesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, ndo maana inatoka ile roboti, na hata ukiongea tu bila kuimba vidole ndo vinaweka tyuni. Hamonaiza inachukua koo lako lenyewe, inalinakili na kupandisha au kushusha hizo nakala. Eventide walitoa ya kwao ya kidijitali, H910, mwaka 1975, na leo zimejaa, kuna za kukanyaga kwa mguu za TC-Helicon na Boss, na vinanda vingi vikubwa vya Yamaha na Korg vina kazi hiyo ndani kabisa, unachomeka maiki tu. Ukitaka roboti chukua vokoda. Ukitaka watu, endelea kusoma.

Jibu la "niimbe nini" unaweza kulitoa kwa njia tatu. Njia ya kwanza unaiambia mashine kii ya wimbo (noti ambayo wimbo umeifanya nyumbani), tuseme C, na unaiambia inipe ya tatu kwenda juu, nikiimba do yenyewe iimbe mi, nikiimba mi iimbe so. Rahisi, na kwa nyimbo za kodi tatu inatosha kabisa. Balaa linakuja wimbo ukitoka nje ya kii kidogo. Chukua wimbo wa C unaofika kwenye kodi ya E meja ili ushukie A maina, hii njia iko kwenye nyimbo kibao. We unaimba E, umetulia, mashine inahesabu ya tatu juu kwenye skeli ya C inapata G, inaiimba kwa ujasiri wote, wakati mkono wako umebonyeza G shapu. Noti mbili zimekaa jirani, G na G shapu, zinakwaruzana kwa mapigo mawili au manne, na msikilizaji hajui ni nini ila uso unamkunjamana. Nilikuwa nadhani koo langu limechoka siku hizo. Nilirekodi kwa simu nikarudia hapo mara kumi ndo nikaelewa.

Njia ya pili mashine inasoma kodi unayopiga. Ukipiga E meja inajua G shapu ipo, hiyo shida inaisha palepale. Ila ina tabia yake: sauti za nyongeza zinapenda kukaa kwenye noti za kodi, kwa hiyo we ukipita kwenye noti za katikati, C D E, wenzako wanasimama mlangoni wanakusubiri alafu ghafla wanaruka wote. Kwa wimbo wa taratibu inapendeza, kwa wimbo wa maneno mengi ya harakaharaka inakuwa kama watu wanashuka ngazi kwa kujikwaa. Na kingine, kama mkono wa kushoto unatembeza besi, C ukashuka B ukafika A huku kodi juu ni ileile, mashine inaweza kudhani umebadilisha kodi mara mbili. Mi nimekata eneo la chini lisitumwe kabisa, besi ibaki besi, hamonaiza isome vidole vya katikati tu.

Njia ya tatu ndo ninayoitumia karibu muda wote na ndo iliyonifanya niandike. Unaimba, na kila noti unayobonyeza inakuwa mwimbaji mmoja. Vidole viwili, waimbaji wawili. Hakuna cha kubahatisha kodi wala kii, inaimba ulichobonyeza. Uzuri wake ni huo na ubaya wake ni huohuo, maana sasa we ndo mwalimu wa kwaya na hauna wa kumsingizia.

Sasa tazama mkono wa mpiga kinanda wa kawaida. Anapiga C, yaani C E G, alafu anahamisha mkono mzima kwenda F, yaani F A C. Kwenye piano hakuna anayelalamika. Ila zikiwa ni sauti za watu, umewarusha waimbaji watatu kwa wakati mmoja, wote kwenda juu, wote kwa umbali uleule. Nani anaimba hivyo? Mtu aliyewahi kukaa kwenye sauti ya pili anajua, sauti ya pili inaweza kukaa kwenye noti moja mstari mzima na ndo inayoshikilia nyumba. Kwa hiyo kutoka C kwenda F, kile kidole cha C kisitoke, kibaki hapohapo, E isogee F, G isogee A. Kodi ni ileile F ila mmoja hajasogea na wawili wamesogea hatua moja moja. Ukiicheza hivi na sauti yako juu, utashtuka. Mi nilishtuka, nilikuwa peke yangu usiku na hedifoni nikajikuta nimegeuka nyuma.

Zoezi lenyewe ni la kuchosha lakini nilifanya wiki mbili: nachukua kiitikio kimoja, nazima sauti ya piano, natumia mkono wa kushoto kwa hamonaiza tu, natafuta njia ambayo vidole vinasogea kidogo kuliko zote. Na kuachia pia ni kazi. Ukiinua vidole mapema kwaya inakatika kama umeme, ukichelewa inachafuka, mi nashusha kidole kipya kabla sijainua cha zamani, kwa nukta tu. Kwa mpiga piano hii ngumu mwanzoni kwa sababu tumezoea mguu utufanyie.

Usiende mbali na sauti yako. Nakala ikipandishwa sana bila kutunza fomanti, yaani ule umbo wa koo unaofanya mimi nisikike mimi, inakuwa katuni, na ikishushwa sana inakuwa jitu la pangoni. Mashine nyingi zina kitufe cha hiyo fomanti na kinasaidia, lakini mi bado najiwekea mpaka wa nusutoni saba (nusutoni ni hatua ndogo kabisa ya kinanda, kitufe mpaka cha jirani) juu au chini, ikizidi hapo sikio linaanza kushuku kwamba hii ni mashine. Alafu sauti zote zisinyooke kama rula. Ukiitenga moja senti saba nane hivi chini na nyingine juu kidogo (nusutoni nzima ni senti 100, kwa hiyo ni kidogo sana), na moja ukaichelewesha milisekunde 20 hivi, zinakuwa watu tofauti. Ukizidisha unapata walevi.

Maiki nayo. Mashine inatakiwa isikie mtu mmoja, mmoja tu. Ngoma zikiingia, spika ya monita (ile inayokuelekea we jukwaani ujisikie) ikiingia, inachanganyikiwa na kuanza kuyumba, unasikia sauti zinatetemeka bila sababu. Maiki ya dainamiki ya kawaida, tuseme SM58 ambayo watu wanaitumia tangu 1966, mdomo karibu kabisa, monita iwe nyuma ya maiki, tosha. Maiki ya kondensa nzuri ya studio, ile nyepesi ya kunasa kila kitu, iache studio. Na mwangwi wowote uwekwe baada ya hamonaiza, ukiuweka kabla unailisha mkia wa noti iliyopita pamoja na noti mpya alafu unategemea ijue ipi ni ipi.

Kwenye konsonanti kuna jambo nililigundua kwa kuimba Kiswahili kwa hii kitu na naona halisemwi. Lugha yetu imejaa irabu na silabi zinaishia kwenye irabu, hicho ni chakula cha hamonaiza kwa sababu irabu ndo yenye noti. Hata m na n zina noti, ukiimba "mtoto" ile m ya mwanzo inashikika. Ila s, sh, ch na f hazina noti yoyote, ni upepo, na mashine inazinakili hivyohivyo, kwa hiyo "shusha" ukiwa na sauti nne inakuwa tairi linavuja. Kama mashine yako ina sehemu ya kupunguza mikwaruzo ya s kwenye sauti za nyongeza, ipunguze sana. Kama haina, wewe lainisha, sema s nusu, irabu ivute. Maneno yatasikika tu kwa sababu sauti yako halisi iko juu.

Na iwe juu kweli. Naweka za nyongeza chini yangu kwa desibeli 6 mpaka 10, na naambiwa na kila mtu "ongeza bana hazisikiki", siongezi. Zikizimwa ndo watu wanagundua zilikuwepo. Kama fundi mitambo anakubali, mpe sauti yako kwenye chaneli moja na za nyongeza kwenye nyingine, yeye yuko mbele anasikia ukumbi, we huusikii. Kwenye monita yako mwenyewe ziwe chache zaidi, maana hizo nakala mara nyingi zinanyooshwa na mashine na wewe hunyooshwi, ukiwa chini kidogo unaanza kupotea katikati ya watu waliokaa sawasawa na hauna pa kujishikia.

Kitu kingine nimepunguza ni muda wa kuiacha wazi. Ubeti mi peke yangu. Kiitikio cha kwanza kidole kimoja. Cha pili viwili. Vitatu ninavitunza kwa ajili ya mwisho na kuna nyimbo havitoki kabisa. Swichi ya kuzima iko mguuni kushoto, mbali na sastini, na mguu umeshazoea kuikanyaga kabla sijafungua mdomo kuongea, kwa sababu niliwahi kusahau nikawasalimia watu "jamani habari za jioni" kwa sauti nne zilizopangika vizuri sana, ukumbi mzima ukaitikia kwa kuniimbia, tena kwa kii yangu.

Sasa hivi niko kwenye jaribio jingine. Kuna wimbo wa taratibu wa kii ya D ambao nimeamua daraja lake lote (ile sehemu ya katikati ambayo sio ubeti wala kiitikio) nishike A moja tu kwa kidole gumba, chini ya sauti yangu, haisogei, kodi zipite juu yake vyovyote zitakavyo, D, G, B maina, E maina. Kwenye G ile A inauma kidogo na kwenye B maina inauma kwa namna nyingine, na kwenye E maina nilitaka kuiachia nikajizuia. Jana nimeirekodi mara sita. Ya nne ndo naisikiliza mpaka saa hizi.