PMCs (fizikia, hesabu na kompyuta) au HGL (historia, jiografia na Kiingereza)?

Jana usiku tumekesha sebuleni hapa Mbagala, mimi na mdogo wangu, fomu ya Selform, ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, iko wazi kwenye simu yenye chaji asilimia tisa. Dogo anataka kompyuta. Anataka na sheria. Vyote! Na tangu serikali iongeze tahasusi (michepuo ya masomo) mpya 49 mwaka 2024, orodha ni ndefu mpaka macho yanauma.

Mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwanasheria ni HGL, msinichoshe!"

Nikamwambia, mama, wakili ninayemfanyia kazi kule Posta alisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu). Akanyamaza (nadra sana hiyo). Mimi nilikimbia hesabu nikasoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), na siku hizi mafaili yanayokuja mezani ni ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mteja anaeleza kanzidata yake ilivyovuja, mimi naitikia tu kama nimeelewa.

Dogo kaweka PMCs ya kwanza, HGL ya pili. Fizikia ndiyo inamtisha, ana C ya kuokoteza.

Mama asubuhi kanipa chai bila chapati.